Shamba Lisilopandwa: Siku Moja ya Uvuvi katika Miamba ya Wasini

Wakulima wa bara, na makarani wengi waliolelewa mashambani, wajua vema kwamba ardhi ikivunwa mwaka hata mwaka bila kurudishiwa kitu, mwisho huchoka. Kwa sababu hiyo wamejifunza kuchimba matuta, kutia samadi, na kuweka mbegu ya msimu ujao mahali pasipoguswa hata siku ya njaa. Lakini ni wachache kati yao waliopata kuliona shamba la mvuvi. Shamba hilo halina ua wala sengenge. Halilimwi, halipaliliwi, wala hapana mtu atiaye mbegu ndani yake. Walakini lavunwa kila siku. Shamba hilo ni mwamba wa bahari.

Mtu atakaye kuliona na asafiri mpaka Shimoni, katika Kaunti ya Kwale, mwendo wa kilomita 75 hivi kusini ya Mombasa. Huvuka kivuko cha Likoni, akapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha akaiacha barabara kuu iendayo Tanzania na kushika njia ya kushoto ielekeayo pwani. Shimoni ni mji mdogo uliopata jina lake kutokana na mapango yaliyo karibu na ufuo. Wenyeji husimulia kwamba zamani za biashara ya utumwa watu walifungwa humo wakingojea vyombo vya kuwachukua.

Ng'ambo ya mlango wa bahari chaonekana kisiwa cha Wasini, kirefu na chembamba, kilicho mwamba mtupu. Hapana mto wala gari. Kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa ni ya mvua, yaliyokingwa na kuwekwa katika mabirika. Wenyeji wake wa asili ni Wavumba, ambao watawala wao wa kale waliitwa Diwani, nao husema Kivumba, lahaja mojawapo ya Kiswahili. Katika nchi kama hiyo isiyo na udongo mwingi, mtu asiyekwenda baharini hana budi kula kwa jasho la aliyekwenda.

KUONDOKA ALFAJIRI

Ili msomaji apate kuelewa kazi yao, na tutwae mfano wa wenzi wanne waendao kuvua pamoja siku moja ya mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi. Nahodha ni mzee wa Wasini mwenye dau lake. Wawili ni wapwa wake: mkubwa ni hodari wa mshipi, na mdogo, kijana wa miaka ishirini hivi, ni mpiga mbizi. Wa nne ni mwalimu wa shule kutoka bara, mtoto wa wakulima wa mahindi, aliyesoma pamoja na yule mpwa mkubwa na sasa yuko likizoni.

Mvuvi hatazami saa kwanza, hutazama mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji hayo huitwa bamvua. Katikati ya nyakati hizo maji husogea kidogo tu, nayo ndiyo maji mafu. Katika pwani ya Kenya maji ya bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 3 au zaidi, na huwa makavu kabisa yapata saa 4 asubuhi. Ndiyo sababu wenzi hawa wamechagua bamvua, na ndiyo sababu waondoka saa 11 alfajiri, ili wafike mwambani kabla maji hayajaisha kutoka.

Umande, yaani ule upepo mwanana utokao nchi kavu, walijaza tanga. Dau lapita mbele ya Mkwiro, kijiji kilicho upande wa mashariki wa kisiwa, kisha lageuka kuelekea kusini. Jua lichomozapo, pomboo wawili watatu wainuka karibu na chombo, wavuta pumzi, na kuzama tena. Mwalimu ashika ubavu wa dau kwa mikono miwili.

"Usishindane na chombo, mwalimu," amwambia nahodha. "Kikilala, nawe lala. Hakikutaki ubaya."

Mbele yao ni visiwa vidogo viwili vya Mpunguti, wa Juu na wa Chini, na mbali zaidi ni kisiwa cha Kisite na mwamba wake. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Kenya ilizitenga sehemu hizo, kama ilivyokwisha kufanya Malindi na Watamu mwaka 1968. Kisite, yenye kilomita za mraba 28, ni marufuku kuvuliwa hata samaki mmoja. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, yaruhusiwa uvuvi wa asili tu. Mipaka hiyo haionekani majini. Nahodha huijua kwa kulinganisha ncha ya kisiwa na mti mkubwa au kilima cha bara, kama mkulima ajuavyo mpaka wake kwa mti na jiwe.

PWEZA NA MKUKI

Yapata saa 3 na nusu watia nanga ubavuni mwa mwamba. Maji yametoka, na mahali palipokuwa bahari sasa pamekuwa uwanda wa mawe, vidimbwi na mwani. Kijana ashuka na mkuki mfupi wa chuma, mwalimu akimfuata kwa viatu vya mpira. Viatu hivyo si anasa. Humo vidimbwini mna wadudu wa bahari wenye miba mirefu myeusi, ambayo mtu akiikanyaga hukatikia mguuni. Na yuko samaki mwenye sumu kali afananaye kabisa na jiwe.

Waswahili husema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, na asubuhi hiyo mwalimu aiona maana yake. Yeye aona mawe tu. Kijana aona maganda ya kaa na makombe yaliyotupwa mbele ya tundu, kama mifupa iliyotupwa mlangoni pa jikoni, akajua kwamba mwenye nyumba yumo ndani. Auingiza mkuki polepole. Pweza aushika kwa mikono yake akidhani ni adui, na mara avutwa nje, akibadili rangi kutoka kahawia kuwa nyeupe na kurudi tena. Kwa muda wa saa moja na nusu kijana apata watatu.

Katika tundu la nne ainama kwa muda mrefu, kisha aurudisha mkuki begani.

"Mbona wamwacha?" auliza mwalimu.

"Huyu analea."

Mwalimu naye ainama. Ndani, darini mwa tundu, vimening'inia vishada vyeupe kama punje za mchele zilizotungwa uzini, na pweza amejitandaza mbele yake. Pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyalinda mayai na kuyapulizia maji safi bila kula kitu, na yakisha kuanguliwa hufa. Mvuvi amtoaye tunduni wakati huo hapati pweza mmoja. Apoteza maelfu ya mayai yaliyo nyuma yake. Kwa kuwa pweza hukua upesi mno, kungoja kidogo kwatosha kuleta faida. Katika kijiji cha Andavadoaka, kisiwani Madagaska, wavuvi walianza mwaka 2004 kuyafunga baadhi ya maeneo ya pweza kwa miezi michache, na walipoyafungua walipata pweza wazito zaidi. Tangu hapo vijiji vingi vya Bahari ya Hindi vimewaiga.

MSHIPI NA DEMA

Maji yaanzapo kujaa, dau lasogezwa ukingoni mwa mwamba, mahali penye kina cha pima 8 hivi. Hapa kazi ni ya mpwa mkubwa. Mshipi wake hauna ufito wala mtambo. Ni uzi mrefu uliozungushwa katika kipande cha mti, wenye chubwi ya risasi na ndoana mbili, na chambo chake ni vipande vya mkono wa pweza. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho jicho lake. Changu hugonga mara mbili kwa haraka. Chewa hameza kimya kimya, kisha hukimbilia pangoni, na mvuvi akichelewa kumwinua uzi hukatika mwambani.

Mwalimu apewa mshipi wake. Baada ya kulishwa chambo chake mara tano na samaki wasioonekana, ainua mmoja mwenye mistari ya rangi ya chungwa, meno makali, na mwiba mgumu mgongoni. Afurahi sana. Lakini nahodha amchukua samaki yule, amfungua ndoana kwa uangalifu, na kumrudisha majini.

"Huyo ni kikande, mwalimu. Nyama yake si haba, lakini yeye ni mfanyakazi wetu."

Maneno hayo si mzaha. Wataalamu waliochunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameona kwamba kikande ndiye adui mkubwa wa wale wadudu wa miba. Huwageuza, huwavunja na kuwala. Mahali vikande walipovuliwa wakaisha, wadudu wale huzidi mno, wakawanyang'anya chakula samaki walao majani ya bahari, na kuutafuna mwamba wenyewe hata ukawa kama jiwe lililotobolewa. Basi mwamba una wapaliliaji wake. Mwingine ni pono, ambaye kwa mdomo wake ulio kama wa kasuku hukwangua magugu ya mwamba asubuhi hata jioni; na mchanga mweupe usifiwao na watalii kwa sehemu hutoka tumboni mwake.

Kisha waenda kuinua madema mawili yaliyotegwa jana. Dema ni mtego uliosukwa kwa mianzi, wenye mlango ambao samaki aweza kuuingia lakini hawezi kuutokea. Ndani mna tafi saba na pono wawili. Nahodha ameacha katika pembe ya kila dema mwanya mwembamba wima, ili samaki wachanga wapate kutoka. Mwanzoni baadhi ya wenziwe walimcheka, wakisema aliyetoboa mfuko wake asilie umaskini. Lakini tafi mchanga apitaye katika mwanya leo hurudi baada ya miezi akiwa hatoshi kupita.

SWALI LA KIJANA

Saa 8 dema la pili likisha kurudishwa majini, kijana avaa miwani yake ya kupigia mbizi na kuzama kulitazama limekaaje. Akaa chini muda mrefu hata mwalimu aanza kuhesabu kwa sauti. Aibukapo macho yake yang'aa.

"Mjomba, nimemwona chewa chini ya jabali, mkubwa kama mtoto wa mbuzi! Laiti ningekuwa na bunduki!"

Bunduki asemayo si ya baruti. Ni mti uliochongwa, wenye mpira wa gurudumu na mshale wa chuma, ambao mpiga mbizi huulenga chini ya maji. Nahodha hajibu mara moja. Mpwa mkubwa atazama mbali, maana ajua kwamba neno hili si la leo. Rafiki za kijana katika kijiji kingine wana bunduki tatu, nao wamemwita ajiunge nao baada ya mwezi kuisha.

"Katika dau langu haipandi," asema nahodha.

"Kwa nini, mjomba? Mshipi wapiga bila kuona. Wainua mkubwa na mchanga pamoja, na kikande pia. Mimi nitachagua."

"Hapo hapo ndipo penye ubaya. Utachagua yule mkubwa."

Mzee huyu hakusoma shule, lakini asemalo lakubaliana na elimu. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka kuwa madume wanapokuwa wakubwa. Aondoaye kila mara aliye mkubwa huweza kuwaacha majike bila dume, kama mfugaji auzaye kila fahali. Tena mshale hufika hata mapangoni, mahali samaki alipokuwa salama na ndoana na wavu. Na ukikosa, huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Kwa sababu hizo tangazo la Serikali la mwaka 2001 lilipiga marufuku bunduki ya mshale pamoja na juya la kukokota ufuoni, na marufuku hiyo ni kwa mwenyeji na mgeni sawasawa.

Lakini kijana ana jibu, nalo ni jibu zito.

"Bunduki ni mti, mpira na chuma, mjomba. Dau ni maelfu ya shilingi. Wewe wasema mwamba utunzwe, nawe una dau, una madema, una mshipi. Asiye na dau atunze mwamba akiwa anakula nini?"

Hapana asemaye neno. Maji yapiga ubavuni. Ni kweli kwamba watu wengi waliokamatwa na bunduki hawakuwa wavivu wala wahalifu wa kuzaliwa. Ni vijana wasio na chombo, na bahari yenyewe imewapungukia. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe yakageuka meupe kama mifupa, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa. Kosa hilo halikuwa la kijana huyu, wala la mjomba wake. Sheria yaweza kumnyang'anya mtu bunduki kwa siku moja, lakini haiwezi kumpa dau.

Nahodha ajaza tanga kwanza, maana matlai imekwisha kuanza kuvuma, ndipo asema: "Fungu la chombo, tangu leo, nusu ni yako. Usiitie mfukoni; mama yako ataiweka. Ikitimia nusu ya bei ya dau hili, nusu ya dau ni yako. Mimi nimezeeka, mwenye chombo kesho ni nani?"

Kijana avua miwani, aifuta, wala hasemi kama amekubali. Lakini ashika usukani bila kuambiwa.

MGAO UFUONI

Warudi Wasini saa 10, maji yakiwa yamejaa hata ngazini. Hapo desturi ya uvuvi huonekana wazi. Kwanza hutengwa kitoweo, samaki wa kula nyumbani kwa kila mmoja, na mgeni hasahauliwi. Kisha wakubwa humwendea tajiri, yule anunuaye kwa jumla na kuwapeleka Shimoni na Mombasa. Wadogo hununuliwa na mama karanga, wanawake wakaangao samaki na kuwauza vijijini. Mapato yao ndiyo yalipayo karo na mafuta ya taa katika nyumba nyingi. Fedha ikipatikana, gharama huondolewa, na kinachosalia hugawanywa mafungu: moja la chombo, na moja la kila mvuvi. Siku hii fungu la chombo lakatwa nusu mbele ya macho ya wote, na dada yake nahodha aitwa apokee.

Mwalimu apewa tafi wanne waliotungwa ukambaani. Asema kwamba kwao, zamani za baba yake, watu waliona matuta kuwa adhabu, kwa kuwa yalipunguza nafasi ya kupanda. Leo wasiokuwa na matuta ndio wasiokuwa na udongo. Nahodha amuuliza matuta yalichimbwa na mtu mmoja au na kijiji kizima. Mwalimu ajibu kwamba mtu mmoja hawezi: maji ya jirani yangemwangukia. "Basi na huku ni vivyo hivyo," asema mzee.

Na ndivyo ilivyo. Tangu kanuni za mwaka 2007 wavuvi wa Kenya wana vikundi vya kusimamia fukwe zao, na vyaweza kusema nani avue, wapi, na kwa chombo gani. Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, wanakijiji wenyewe walitenga sehemu ya bahari ya hektari 30 hivi, wakaiita tengefu, wasivue humo kabisa. Haikuwa rahisi, maana waliokuwa wakivua hapo walilala na njaa ile ile ya jana huku samaki wakiogelea mbele ya macho yao. Lakini matumbawe na samaki walirudi, na samaki wasiotoshewa ndani ya tengefu hutoka nje na kuvuliwa kwa halali. Hiyo ndiyo ghala ya mbegu ya mvuvi.

Msomaji akaaye bara asidhani kwamba habari hizi hazimhusu. Samaki auzwaye Nairobi au Voi alitoka katika shamba hili, na mnunuzi ana neno lake kama mvuvi alivyo na lake. Akataaye kununua chewa wa urefu wa kiganja amemwachia mtu wa Wasini mbegu. Na aendaye pwani kwa likizo, akitaka kuona mwamba, na atafute dau la mwenyeji, amlipe haki yake, asikanyage matumbawe, wala asimwombe kijana yeyote ampigie samaki kwa bunduki. Fedha hiyo ya nauli, ikiwekwa fungu kwa fungu, ndiyo ipatayo kumnunulia kijana huyo nusu ya dau.